Unalipwaka?

Mama aliyeniuliza swali hilo alikuwa na bidoni ya manjano ya lita 20 mkononi na mtoto mgongoni, na hakuwa na muda wa kupoteza. Ilikuwa Juni 2021, asubuhi, ufukoni Kituku, jijini Goma. Nilikuwa nimesimama juu ya jiwe jeusi la volkano, miguuni ndoo ya maji ya klorini, mkononi sirinji isiyo na sindano. Kazi yangu ilikuwa kuvuta dawa, kuitia ndani ya kila bidoni iliyotoka ziwani, na kumwambia mwenyewe aitikise kisha angoje nusu saa kabla ya kunywa. Basi.

"Unalipwaka?"

"Hapana, mama. Mimi ni benevole."

"Benevole." Alilizungusha neno mdomoni kama mtu anayeonja samaki wa sambaza asiojua wamelala siku ngapi. "Na mangaribi utakula benevole?"

Foleni nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ukisimama mbele ya foleni ya watu wa Goma wanaocheka huna njia nyingine. Nikamtilia dawa yake, akaondoka. Nyuma yake ikaja chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumwa, imebeba bidoni nane, nikarudi kuhesabu.

Tarehe 22 Mei mwaka huo, Jumamosi jioni, volkano ya Nyiragongo ilikuwa imepasuka. Lava ilishuka hadi Buhene na kusimama mlangoni mwa jiji, si kama Januari 2002 ilipokata katikati ya Goma na kuingia ziwani. Siku tano baadaye tuliamriwa kuhama mitaa kumi ya jiji, tukatawanyika: Sake, Minova, Bukavu, ng'ambo ya mpaka Gisenyi. Tuliporudi, nyumba zetu wengi wetu tulizikuta zimesimama, lakini lava ilikuwa imeharibu mabomba na tangi la maji, na watu karibu nusu milioni hawakuwa na maji ya bomba. Basi jiji likageukia ziwa, kama linavyofanya kila likipata shida. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, na ukilitazama jua linapochomoza unaweza kusahau kwamba chini yake kuna gesi ya kutosha kuua mji. Kipindupindu hakihitaji gesi. Mama yangu alikuwa Goma Julai 1994, wakimbizi wapatao milioni moja walipovuka mpaka ndani ya siku chache, na makumi ya maelfu wakafa kwa kuhara. Aliposikia wanatafuta vijana wa kutia klorini ufukoni, ni yeye aliyeniamsha.

Kwa hiyo usifikiri nilijitolea kwa kuitikia wito wa moyo. Nilitolewa kitandani.

Katika wiki ya tatu tukaitwa kwenye mkutano. Msimamizi wetu, mtu wa mshahara, mwenye jilet yenye mifuko mingi na kalamu katika kila mfuko, alipitia karatasi zetu za hesabu. Kila bidoni tuliiandika kwa mstari mmoja, na kila mstari wa tano ulikata minne iliyotangulia. Karatasi yangu moja ilikuwa na doa la chai. Aliinyanyua juu kwa vidole viwili, akasema kwa Kifaransa kwamba sisi ni amateurs.

Sijui kwa nini neno lile lilinichoma kuliko kicheko cha foleni. Labda kwa sababu mama wa bidoni alisema kweli, naye huyu alisema kitu kingine. "Amateur" kwetu ni mtu wa kubahatisha. Fundi aliyekujengea ukuta ukaanguka ni amateur. Mpiga picha wa harusi aliyekata kichwa cha bwana harusi ni amateur. Timu inayofungwa sita bila ni timu ya amateurs, hata kama wachezaji wake wanalipwa kila mwezi.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo palikuwa na karamu ndogo ya kumuaga mgeni mmoja. Msimamizi wetu alinyanyua glasi yake, akainusa, akatabasamu na kutangaza, kwa Kifaransa kilekile, kwamba yeye ni amateur wa mvinyo mzuri.

Nilikaa na soda yangu nikimtazama. Jumanne neno lilikuwa tusi, Ijumaa limekuwa cheo. Kinywa ni kimoja.

Kamusi ya Kifaransa ya shuleni, ile iliyotoka jalada, ndiyo iliyonifumbua macho. Neno linatoka Kilatini, amator, na amator linatoka kwenye kitenzi amare, kupenda. Amateur ni mpenzi. Si zaidi, si pungufu. Mpenzi wa mvinyo, mpenzi wa muziki, mpenzi wa sambaza za kukaanga. Waingereza walilichukua neno hili kwa Wafaransa karne ya 18 pamoja na tahajia yake, na mwanzoni walilitumia kwa maana hiyohiyo: mtu anayependa sanaa fulani na kuionja vizuri. Baadaye likapata maana ya anayefanya jambo bila malipo, kisha, kwa kuwa dunia haiamini kitu kisicho na bei, likawa anayefanya jambo vibaya. Neno la Kiitaliano dilettante lilipita njia hiyohiyo. Lilianza na kufurahia, likaishia kwenye dharau. Mtu angeweza kuandika historia ya fedha kwa kufuata tu jinsi zilivyoyatendea maneno ya mapenzi.

Hata "benevole" nililichimba. Ni anayetaka mema. Na "volontaire", anayetaka tu. Maneno matatu, na hakuna hata moja lenye fedha ndani yake, wala lenye ukosefu wa fedha. Hilo la kutolipwa tumelitia sisi baadaye, kama klorini.

Lakini kisa kilichonishika zaidi nilikikuta mbele kidogo, nilipotaka kujua Waingereza walilifanyia nini neno lao la kuazima. Huko Henley, kwenye mto Thames, kuna mashindano ya kupiga makasia yaliyoanza 1839. Mwaka 1879 wakubwa wa mashindano hayo waliandika kanuni ya nani ni amateur, maana amateurs peke yao ndio walioruhusiwa kushindana. Ungedhani wangesema: asiyelipwa kwa kushindana. Walisema hivyo, lakini hawakuishia hapo. Si amateur, walisema, mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa kwa malipo kwenye shughuli za maboti. Na si amateur mtu ambaye kwa riziki yake ni makanika, fundi au kibarua. Mpagazi, mvuvi, mjenzi, seremala: wote nje, hata wakiapa kwamba hawajawahi kuchukua senti moja kwa ajili ya mbio. Yaani mapenzi ya maji yalihifadhiwa kwa watu ambao mikono yao haikuwahi kuwa na sugu.

Mwaka 1920 Mmarekani mmoja aitwaye Jack Kelly, aliyeanza maisha kwa kupanga matofali, alipeleka jina lake Henley akakataliwa. Chama chake kilikuwa na ugomvi wa zamani na waandaaji, na hilo lilihesabiwa pia, lakini matofali yalikuwamo. Miezi michache baadaye, kwenye Olimpiki ya Antwerp, alikutana na Mwingereza aliyetwaa kombe lilelile la Henley mwaka huo, akamshinda na kuondoka na dhahabu. Mwaka 1936 Waaustralia wanane waliokuwa wakielekea Olimpiki ya Berlin walizuiwa vilevile. Kosa lao ni kwamba walikuwa polisi. Kifungu hicho cha mafundi na vibarua kikafutwa mwaka uliofuata, pengine kwa aibu. Nami kila nikikumbuka hao polisi wanane, namkumbuka Kipchoge Keino, polisi wa Kenya, akivuka mstari wa mita 1500 pale Mexico mwaka 1968, enzi ambayo Olimpiki yenyewe ilikuwa bado inadai amateurs. Angezaliwa Mwaustralia miaka 30 kabla, na angependa makasia badala ya mbio, wangemrudisha getini.

Kisa hiki nilimsimulia Muzee. Jina lake nitaliacha. Alikuwa na mtumbwi wa mashine uliotia nanga hatua chache kutoka kwenye jiwe langu, akisafirisha mihogo, ndizi na makala ya kupikia kutoka upande wa Kalehe, na kabla ya mashine alikuwa amepiga kasia tangu utoto. Kwenye mapumziko nilikaa kwenye ukingo wa mtumbwi wake, naye akinishonea maswali kama anavyoshona wavu.

"Ngoja," alisema. "Wanashindana kupiga kasia."

"Ndiyo, Muzee."

"Na anayejua kupiga kasia hawamtaki."

"Hawamtaki kama anakula kwa kasia."

Alinyamaza kidogo. Wapagazi walikuwa wakishuka na magunia, maji hadi kiunoni, wakipigiana kelele za kuomba njia.

"Basi hao hawakupenda maji," alisema. "Walipenda kupigiwa makofi. Mtu anayependa maji humwogopa anayeyajua, lakini hamfukuzi."

Mimi sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni aibu ndogo, kwa sababu swali la mama wa bidoni lilikuwa bado halijajibiwa kwa ukweli. Je, nilikuwa silipwi? Mwisho wa mwezi tulipewa kitu kinachoitwa "motivation", franga za kutosha pikipiki ya kwenda na kurudi na maandazi mawili. Na kuna jambo jingine, ambalo kila kijana wa Goma analijua ingawa halisemwi mkutanoni: jiji letu limejaa mashirika, na ubenevole ndio foleni ya kazi. Unasimama ufukoni mwaka mmoja, miwili, ili siku nafasi ikitoka jina lako liwe karibu na kalamu. Nilikuwa napenda kazi ile, hiyo ni kweli. Napenda hadi leo sauti ya bidoni tupu zikigongana alfajiri. Lakini mapenzi yangu yalikuwa na jicho moja kwenye ile jilet ya mifuko mingi.

Aliyenisaidia kuyatenganisha mambo hayo ni dada yangu mkubwa. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi alikuwa kwenye orodha ya wanaoitwa NP, yaani non payés, wasiolipwa. Kongo ina walimu wengi wa aina hii: wana diploma, wana darasa, wana wanafunzi 60 na chaki, lakini majina yao hayajafika kwenye mashine inayolipa Kinshasa. Zamani waliishi kwa prime, pesa walizochangishwa wazazi. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, prime ikapigwa marufuku, na dada yangu na wenzake wakabaki wananing'inia. Wazazi walishangilia, na walikuwa na haki. Mtoto wa jirani yetu alirudi shule mwaka huo. Dada alimpokea darasani kwake, akamfundisha kusoma, na jioni akauza vitunguu mbele ya nyumba.

Siku moja mgeni alikuja nyumbani, mtu mwema tu, na katika kumsifu akasema: mwalimu huyu anajitolea kweli kwa ajili ya watoto wetu.

Dada aliweka chini kisu cha vitunguu. "Sikujitolea," alisema. "Nilitolewa."

Sijawahi kusikia sarufi ikifanya kazi kubwa namna hiyo kwa herufi chache. Kujitolea na kutolewa: mkono wa nani uko kwenye shingo ya mbuzi? Wazee wetu waliolima na kufagia barabara kwenye salongo, zile kazi za lazima za enzi ya Mobutu, wanaijua tofauti hiyo. Kazi ya bure inaweza kuwa zawadi, na inaweza kuwa kodi iliyovaa nguo za zawadi.

Tangu siku ile neno "amateur" halikunitosha tena, hata likiwa limeoshwa na Kilatini chake chote. Mapenzi hayasemi nani aliulizwa. Dada anawapenda wale watoto, na mapenzi hayo ndiyo kamba anayofungiwa.

Neno lililonipa nafuu lilitoka mashariki, kupitia redio. Watangazaji wa Tanzania, wanapotaka kutenganisha bondia anayelipwa na asiyelipwa, husema ngumi za kulipwa na ngumi za ridhaa. Mara ya kwanza nilipolisikia nilikuwa mtoto, na nilidhani ni ngumi ambazo anayepigwa ameridhia kupigwa. Nilimhurumia sana. Kumbe ndilo jina lao la amateur: mchezo wa ridhaa, wachezaji wa ridhaa. Sijui ni mtafsiri gani alikaa wapi akaliokota neno hili, lakini ningependa kumnunulia chai. Mfaransa aliuliza: unapenda? Mwingereza wa Henley aliuliza: unafanya kazi gani? Mswahili ameuliza: umekubali?

Na ridhaa ina mengi tumboni. Imetoka Kiarabu, mzizi mmoja na radhi, kuridhia na kuridhika. Kuridhia ni kukubali kabla ya jambo. Kuridhika ni kutosheka baada yake. Mtu wa ridhaa, nikilichukua neno kwa uzito wake wote, ni yule aliyeulizwa akasema ndiyo, na kazi ikiisha moyo wake haudai. Sisi wa Goma hatulitumii hivyo. Ukisema "benevole wa ridhaa" hapa watu watafikiri umetoka Zanzibar jana. Nimejaribu. Nilimwambia dada kwamba yeye si mwalimu wa ridhaa, akaniuliza kama hilo neno linaongeza kitu kwenye mshahara.

Kwa miaka mitatu niliridhika na ugunduzi wangu. Nilikuwa nimepata kazi ya kulipwa kwingine, sirinji nimeiacha, jilet nimeipata, na nilikuwa nikiwaeleza vijana wapya tofauti ya kujitolea na kutolewa kana kwamba niliivumbua mimi.

Tarehe 3 Oktoba 2024, asubuhi, nilikuwa Kituku kungoja gunia la maharage kutoka Minova. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Sake tangu mapema mwaka huo, na kila kitu kilichokuwa kikija kwa lori sasa kilikuja kwa maji: chakula, wafanyabiashara, wagonjwa, watoto. Boti iitwayo Merdi ilikuwa imeshaonekana. Watu waliokuja kuwapokea jamaa zao walikuwa wamesogea hadi kwenye maji, wengine wakipunga mkono. Ikainama upande mmoja. Kisha ikapinduka, mbele ya macho yetu, karibu na bandari kiasi kwamba waliokuwa ufukoni walisikia.

Gavana wa Kivu Kusini alisema ilikuwa na watu 278, na kwamba waliokufa hawakupungua 78. Hesabu nyingine zilizotolewa baadaye hazikulingana na hiyo. Nami niliyehesabu bidoni kwa mistari mitano mitano sikuweza siku ile kuhesabu chochote.

Muzee nilimwona akisukuma mtumbwi. Tangi lake lilikuwa karibu tupu. Alikimbia kwa mama anayeuza esansi kwenye chupa, akabeba bidoni ndogo bila kusema neno, naye mama hakusema neno. Akaenda, akarudi na watu. Akaenda tena. Safari ya pili wengine aliowaleta walikuwa wamefunikwa kitenge. Mimi nilisimama ndani ya maji pamoja na wengine tukipokea. Kijana wa Msalaba Mwekundu karibu yangu, jilet yake imelowa hadi shingoni, alikuwa akirudia neno moja tu, pole, pole, pole, kwa kila mtu, aliye hai na asiye hai.

Wiki kadhaa zilipita kabla sijarudi. Nilimkuta Muzee amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi akishona wavu, nikakaa pale nilipokuwa nikikaa. Tulizungumza bei ya makala. Tulizungumza vita. Mwishowe nikashindwa kujizuia.

"Muzee, siku ile kuna mtu aliyekuomba?"

"Aniombe nini?"

"Uende."

Aliinua macho kutoka kwenye wavu na kunitazama kwa muda, kama unavyomtazama mtoto uliyemlea ambaye ameuliza kitu cha kijinga mbele za wageni.

"Wewe na maneno yako," alisema.

Akashona matundu matatu. Kisha:

"Ile esansi ilikuwa lita tano. Nimemlipa mama tatu. Anasema mbili niache, ameniachia. Mimi sitaki aniachie, naye ana watoto. Uko na franga?"

Nilikuwa nazo. Nikatoa. Alizihesabu polepole, akanyoosha kila noti juu ya goti, akanirudishia mia tano iliyozidi.